Mdogo Wangu, Moshi Utatokea Wapi?

Wadogo zangu, leo nataka tukae jikoni. Vuta mbuzi ukalie, nazi tutaikuna huku tunazungumza, maana nililonalo moyoni si la kusemea mlangoni.

Nimepata barua ya mdogo wangu mmoja wa hapa hapa Pemba ya Msumbiji, mtaa wa Expansão. Mumewe anafanya kazi kwenye mradi wa gesi wa Afungi, na kwa miezi kadhaa sasa wanamalizia nyumba yao. Anaisifu, na ana haki ya kuisifu: matofali ya saruji, dari jeupe, madirisha ya alumini yenye mipira pembeni hata vumbi la kusi halipenyi, kiyoyozi sebuleni na kingine chumbani. Jiko liko ndani, limeungana na sebule, hakuna ukuta wala mlango katikati, kama alivyoona kwenye picha. Sasa amefikia mahali pa kununua kivuta moshi, hiki ambacho madukani kwetu tunakiita ezaustori, na amechanganyikiwa. Muuzaji mmoja kamwambia achukue chenye bomba la kutoa moshi nje. Mwingine kamwambia mabomba ni mambo ya zamani, achukue kisicho na bomba, chenye kichujio cha mkaa ndani yake, maana chenye bomba kitamtolea nje ubaridi wake na umeme wa Credelec utaisha katikati ya mwezi. "Dada," ananiuliza, "nimsikilize nani?"

Nitakujibu, mdogo wangu. Lakini kabla ya ezaustori kuna mstari mmoja katika barua yako ulioupitisha haraka haraka, na mimi nimeusoma mara tatu. Umeandika kwamba siku botija ya gesi ikiisha unaingiza jiko la mkaa ndani na kumalizia chakula hapo hapo, "lakini nawasha kiyoyozi ili hewa izunguke."

Hapo umenishtua. Sikugombezi, maana najua si wewe peke yako. Nimeisikia kauli hiyo kwa wanawake wenye akili zao timamu, wenye vyeti vyao, na mume naye yupo pembeni anaitikia. Basi nisikilize vizuri. Kiyoyozi cha ukutani, kile chenye sehemu moja ndani na nyingine nje, hakileti hewa mpya nyumbani. Kinachukua hewa ile ile ya chumbani, kinaipoza, kinaipuliza tena. Mabomba mawili yanayopita ukutani hayabebi hewa, yanabeba gesi ya kupozea tu. Kwa hiyo ukiwasha kiyoyozi na mkaa unawaka, umeichukua sumu ukaipoza na kuwagawia watoto kila pembe ya sebule.

Na ni sumu kweli. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Kuni angalau zina adabu, zinakutoa machozi ukajua zipo. Mkaa uliokolea ukawa mwekundu bila moshi ndio tunaouamini zaidi, tunasema sasa umekuwa safi, kumbe ndio unaotoa hiyo gesi usiyoiona. Ikiingia kifuani huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unabaki unapumua bila kufaidi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Kwetu huku kichwa kikiuma na kichefuchefu kikishika, neno la kwanza ni malaria. Mtu anameza dawa, analala ndani ya nyumba ile ile, mkaa uko pale pale pembeni. Ukiona watu wawili watatu wa nyumba moja wameumwa kichwa jioni moja, na wakitoka nje wanapata nafuu, toa watu, toa moto, fungua kila kitu, kisha muende hospitali. Usilale kwanza. Usiseme kesho.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya nyumba yako mpya ni hii: jiko la mkaa haliingii ndani. Hata kama ezaustori ni ya bei gani. Umeme ukikatika, feni inasimama, mkaa hausimami. Jenga kibanda kidogo uani, bati mbili na nguzo nne, kiwe cha siku ambazo botija imeisha. Usikionee haya. Mama zetu wote walikuwa na jiko la uani na heshima yao haikupungua.

Maana ukitazama vizuri, wazee wa pwani hii walilijua jambo hili kabla yetu. Nenda Ibo ukazitazame zile nyumba kongwe za mawe ya matumbawe na chokaa: kuta nene, baraza pana mbele, na jiko liko nyuma, uani, limejitenga na vyumba vya kulala. Njoo Paquitequete kwenye nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti: kati ya ukuta na paa kumeachwa nafasi, na makuti yenyewe yanapumua, moshi unapenya taratibu kama mtu anayeaga. Kule Lamu, ndugu zetu walioishi kwenye nyumba za mawe zilizobanana walipandisha jiko juu darini, wakaliita kidari cha meko, ili moshi uende zake angani usipite vyumbani. Hakuna aliyekuwa na ezaustori. Kila mmoja alikuwa amejiuliza swali moja kabla ya kujenga: moshi utatokea wapi, na hewa itaingilia wapi?

Sisi tumeleta nyumba nyingine. Tumeondoa makuti tukaweka bati, chini ya bati tukapiga dari, tukaziba ile nafasi ya juu ya ukuta ili ubaridi usitoke na mbu wasiingie. Nyumba ikawa imefungwa kama debe la mafuta. Silaumu, joto la Januari tunalijua sote. Ila ukiifunga nyumba, umejitwika kazi ambayo zamani paa lilikuwa likikufanyia bure.

Sasa turudi kwenye ezaustori yako. Wewe unapikia gesi. Mwali wa gesi unatoa joto, mvuke mwingi, na hewa chafu ya kuungua, na hiyo ni kabla hujaweka samaki kwenye mafuta. Ezaustori isiyo na bomba inafyonza hewa hiyo, inashika mafuta kiasi kwenye wavu, inapunguza harufu kwenye kichujio chake cha mkaa, kisha inakurudishia usoni. Mvuke haiukamati. Kaboni monoksaidi haiikamati. Joto halipungui hata kidogo. Na kile kichujio cha mkaa kwa kawaida hakioshwi kikawa kipya. Kinachoka baada ya miezi michache, unatakiwa ununue kingine, na hapa Pemba utakizunguka duka kwa duka. Rahisi ghali, mdogo wangu. Chukua yenye bomba la kutoa nje. Kwa mtu anayepika kwa moto, wa gesi au wowote, hilo mimi silijadili.

Lakini yule muuzaji wa pili hakukudanganya kila kitu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ni kweli ezaustori inatoa ubaridi nje. Tupige hesabu pamoja. Sebule na jiko lako, tuseme kwa pamoja ni mita za mraba 40, dari liko mita 2.7 juu. Hiyo ni hewa ya mita za ujazo 108 hivi. Ezaustori ya kawaida ikivuta mita za ujazo 300 kwa saa, katika dakika 20 za kukaanga samaki imeshatoa 100. Yaani karibu hewa yote uliyoinunua kwa Credelec imekwenda kwa jirani, na badala yake imeingia hewa ya moto ya nje kupitia chini ya milango. Feni yenyewe haili umeme mwingi, nyingi ni wati 100 mpaka 250. Kinachokula ni kiyoyozi kinachoanza kazi upya.

Dawa yake si kuizima ezaustori. Dawa ni mlango. Mwite fundi kabla hajaondoka, mwambie akuwekee mlango kati ya jiko na sebule, hata wa kusukuma pembeni, hata wa kioo kama unataka ile sura ya kwenye picha ibaki. Ukitaka kupika, funga mlango wa sebule, fungua dirisha la jikoni, washa ezaustori. Hewa inaingia dirishani, inapita jikoni, inatoka bombani, na ubaridi wa sebule unabaki sebuleni. Jiko lako halihitaji kiyoyozi. Linahitaji upepo.

Na hilo dirisha si hiari. Wengi wananunua ezaustori kubwa, imeandikwa 600, imeandikwa 800, wakifika nyumbani wanafunga kila kitu na kuiwasha, halafu wanalalamika haivuti. Chukua dafu lililotobolewa tundu moja dogo, bana midomo yako palepale, uvute. Utapata funda moja, labda mawili, kisha maji hayaji tena hata ukijikaza namna gani. Toboa tundu la pili, maji yanashuka yenyewe. Nyumba iliyofungwa ni dafu hilo. Pasipo mahali pa hewa kuingilia, feni inapiga kelele tu, na hewa kidogo inayoipata inaivuta kwenye tundu la bafuni lililokauka maji na kwenye nyufa za dari, pamoja na harufu zake na vumbi lake.

Dirisha hilo liwe upande wa pili wa jiko, wewe usimame katikati. Likiwa ubavuni mwa ezaustori, hewa itaingia na kutoka hapo hapo bila kukupitia. Likiwa linapuliza moja kwa moja juu ya mwali, litakuyumbishia moto na kuutawanya moshi kabla haujavutwa.

Sasa nikueleze kilichonikuta mimi, usikirudie. Nyumba niliyopanga miaka ya nyuma ilikuwa na ezaustori nzuri yenye bomba. Nikaridhika. Bomba linapanda, linaingia darini, kwa hiyo linatoka nje, ndivyo nilivyodhani. Baada ya miezi nikaona doa la manjano darini karibu na jiko, likawa linapanuka kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Vyumba vya kulala vikaanza kunuka samaki hata siku ambazo hatukupika samaki. Nikamwita kijana apande na kuondoa ubao mmoja. Mdogo wangu, bomba liliishia pale pale, juu ya dari, chini ya bati. Fundi alilipandisha akaliacha. Mbao zilikuwa nyeusi, zinanata, mende wametanda, na nyaya za umeme zimepakwa mafuta kama utambi wa kandili. Nilikaa chini nikatetemeka kwa kuwaza cheche moja tu. Basi usimlipe fundi kabla hujatoka nje mwenyewe, ukasimama uani, ukaona kwa macho yako mdomo wa bomba, ukaweka mkono ukasikia hewa inakupiga.

Mdomo huo utokee ukutani kuliko paani, kama inawezekana. Hatujamsahau Kenneth, yule kimbunga aliyetupiga tarehe 25 Aprili 2019, na Desemba 2024 akaja Chido. Tuliona bati zinavyong'oka zikaruka. Kila tundu unalotoboa kwenye bati ni mahali ambapo maji yataingilia, na siku ya tufani ni mahali ambapo upepo utashika. Ukutani, chini ya upenu, pawekwe kifuniko kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga yenyewe feni ikizimwa, ili mbu, mijusi na hewa ya moto visirudi. Kisitazame uso kwa uso na kusi, maana upepo wa miezi ile utaurudisha moshi wako ndani. Na tafadhali kisimwelekee jirani dirishani. Tumeumbiwa ujirani kabla ya ezaustori.

Bomba liwe fupi, nyoofu, la bati laini, kipenyo sentimita 15, kona moja ikibidi na si zaidi ya mbili. Yale ya kukunjwakunjwa kama matumbo ya mbuzi yanashika mafuta kwenye kila mkunjo na yanaipunguza nguvu feni. Fundi akikuambia sentimita 10 inatosha kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye gari, mwambie ana gari zuri lakini aende akalete ya 15. Upana wa ezaustori usipungue upana wa meko yenyewe, na ukipata pana zaidi ni heri, kwa sababu moshi wa kukaanga hautii mipaka. Urefu kutoka kwenye mwali mpaka chini yake uwe kiasi cha sentimita 65 mpaka 75, lakini soma karatasi iliyokuja nayo na ufuate hiyo. Ikiwa juu mno, moshi unapita pembeni. Ikiwa chini mno, mafuta yaliyoganda juu yanaweza kushika moto.

Kisha sikiliza. Mwombe muuzaji aiwashe dukani, usione aibu. Ezaustori inayounguruma kama mashine ya kusaga utaiwasha wiki ya kwanza kwa fahari, wiki ya pili utaipunguza, wiki ya tatu itabaki pambo. Nimeona nyumba nyingi hapa mjini ambako ezaustori inang'aa kwa sababu haijawahi kuwashwa. Nunua ile inayofanya kazi nzuri kwenye spidi ya kati, ambayo unaweza kuongea na mtoto chini yake bila kupaza sauti. Iwashe kabla ya kuweka mafuta, usingoje moshi. Ukimaliza iache dakika 10 mpaka 15. Samaki mkaange kwenye mafiga ya nyuma, ukutani, huko ndiko ezaustori inakovuta vizuri zaidi. Ule wavu wa chuma uushushe kila baada ya wiki mbili tatu, uuloweke maji ya moto na sabuni ya vyombo. Na kwa sababu chumvi ya bahari yetu haimwachi mtu, chagua chuma kisichoshika kutu hata kama bei inapanda kidogo.

Ukishafunga kila kitu, fanya jambo moja kwa ajili yangu. Chukua chetezo, weka kaa moja dogo na punje ya ubani. Funga mlango wa sebule, fungua dirisha la jikoni, washa ezaustori, na ukishike chetezo ukingoni mwa meko, kwa mbele, pale unaposimama ukipika. Tulia utazame ule uzi mweupe. Ukiinama na kwenda juu ndani ya ezaustori bila kusita, Mungu akubariki, una jiko. Ukizunguka, ukipanda ukagonga ukingo na kukurudia usoni, kuna kitu hakijakaa: dirisha, urefu, au bomba. Kisha funga na dirisha, utazame tena uzi ule ule. Utaona unavyolegea. Hapo utanielewa kuhusu dafu kuliko nilivyoandika.

Kuna mdogo wangu mwingine, yeye yuko mbali. Ameolewa Ujerumani, na ameniandikia kwamba nyumba yao ni ile inayojengwa bila kuvuja hewa kabisa, ina mashine inayoingiza hewa safi na kutoa chafu saa 24, na joto la hewa inayotoka linapasha ile inayoingia. Nyumba ya kwanza ya namna hiyo ilijengwa kule kule kwao, Darmstadt, wakahamia mwaka 1991. Anapika samaki wa nazi, anakaanga sambusa, wifi zake wanakunja pua, naye anataka kuchomeka bomba la ezaustori kwenye bomba la ile mashine, mambo yaishe.

Usithubutu, mwanakwetu. Mafuta ya sambusa yakiingia kwenye mabomba yale yataziba vichujio, yatalichafua lile pafu la mashine linalobadilishana joto, na moto ukiwaka jikoni utapata njia ya kwenda vyumba vyote. Mashine yako inatoa jikoni kiasi cha mita za ujazo 60 kwa saa, hiyo inatosha kwa mvuke wa sufuria na harufu iliyobaki, taratibu, siku nzima. Haikuumbwa kwa kikaango. Kwako wewe, kwa kuwa umesema jiko lenu ni la umeme na hakuna mwali, ezaustori isiyo na bomba inakufaa, ile niliyomkataza dada yako wa Expansão. Iwe na wavu mzuri wa mafuta, kichujio ukibadilishe kwa wakati, na mashine uipandishe spidi unapopika. Unaona? Kitu kile kile, huku ni makosa, kule ni sawa, kwa sababu moto si mmoja na nyumba si moja.

Na kama sebuleni mna lile jiko la kuni la kuota moto, lisilokuwa na njia yake ya hewa kutoka nje, ezaustori ya kutoa nje ina hatari nyingine: inaweza kuuvuta moshi ushuke bombani urudi chumbani. Huko kwenu kanuni haziruhusu viwili hivyo vifanye kazi pamoja bila kifaa cha usalama kinachozima feni dirisha likiwa limefungwa. Muulize msafisha mabomba ya moshi kabla hamjatoboa ukuta, na mumeo asikuambie anajua.

Sasa nigeuke kwako, mdogo wangu uliyesoma mpaka hapa ukasema moyoni: dada anazungumza na wenye alumini. La. Nakuona. Uko Metuge au Palma, umerudi kwenu baada ya kukimbia vita, au bado uko kwenye nyumba ya turubai na matete, na unapikia kuni ndani mvua ikinyesha, mtoto mgongoni. Wewe ndiye ninayekuwaza zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, sehemu kubwa yake moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Vichomi vya watoto wetu, kikohozi cha bibi, mtoto wa jicho kwa mama ambaye hajazeeka, mara ngapi tumesema ni amri ya Mungu tu, na moshi uko pale pale juu ya vichwa vyetu umening'inia?

Wenzetu wa Kajiado, Kenya, walifanya jambo ambalo mafundi wetu wanaliweza. Miaka ya mwisho ya tisini na kuingia elfu mbili, shirika la ITDG, ambalo sasa linaitwa Practical Action, lilikaa na akina mama wa Kimasai, wakabuni pamoja kofia ya bati inayokaa juu ya mafiga, ina bomba linalopanda na kutoka paani. Haina feni, haina umeme. Moto wenyewe unausukuma moshi juu. Walipopima, moshi ndani ya nyumba zile ulipungua kwa zaidi ya nusu. Ni ezaustori, mdogo wangu, ya mtu asiye na Credelec. Fundi bati yeyote anayetengeneza ndoo na karai anaweza kuikunja, ilimradi ishuke karibu na moto kadiri kichwa chako kinavyoruhusu na bomba lipande moja kwa moja.

Na kama hata hiyo haijawezekana mwezi huu, pika nje pale mvua inapokuachia. Kausha kuni mpaka zilie zikigongana. Funika sufuria, maharage loweka tangu jana, chakula kiive upesi moto uzimwe. Inua ukingo wa paa upande mmoja upate nafasi ya kiganja. Mtoto asibebwe mgongoni juu ya moto, mpe dada yake amshike kivulini. Figa moja haliinjiki chungu, lakini sikuambii ufanye yote leo.

Nanyi wadogo zangu wa kiume, msifunge gazeti. Nyinyi ndio mnaoshika kamba ya fundi na pochi ya nyumba. Mnajua bei ya televisheni kwa inchi, lakini hamjawahi kukaa nusu saa jikoni wakati pweza anachemka. Gesi ya Rovuma iligunduliwa mwaka 2010, na Novemba 2022 shehena ya kwanza ikaondoka baharini kwetu, kutoka mtambo wa Coral Sul, kwenda kuwapikia watu wa mbali. Hapa pwani dada zenu wengi bado wanapuliza kuni. Serikali na makampuni wana deni lao, tutawadai. Lakini lile dirisha la jikoni lililozibwa kwa tofali kwa kuogopa wezi, hilo halihitaji kampuni. Weka nondo, toa tofali.

Mdogo wangu wa Expansão, najua ulitaka jibu la neno moja na nimekupa jioni nzima. Fundi bado yupo kwako wiki hii, nenda kamwambie habari ya mlango na ya bomba la 15 kabla hajapiga rangi. Jiko la mkaa litoe nje leo leo. Kisha siku ukiwasha ule ubani, niandikie uniambie uzi wa moshi umeinamia wapi.